UZI: Siku saba kwa miguu, Chimala hadi Matema kupitia Kitulo. Begi lumbesa, maharage yasiyoiva na kucha mbili zilizobaki njiani

Kiatu Kimoja #1

Wakuu salaam.

Mwezi uliopita kuna mtu aliuliza humu kama inawezekana kutoka barabara kuu ya Tanzam (ya Dar kwenda Zambia) mpaka Ziwa Nyasa kwa miguu, kwa kukatiza hifadhi ya Kitulo. Akajibiwa "panda Kosta mkuu, acha kujitesa". Sikuchangia kwa sababu saa ile nilikuwa najaza begi. Sasa nimerudi, vidole vimepona kiasi cha kuvaa viatu vya kufunga, nasimulia.

Mandhari sitayasema sana, picha zimejaa kila mahali. Nataka kueleza siku inavyokwenda ukiwa umebeba nyumba yako mgongoni: unaamka saa ngapi, unakula nini, unajisaidia wapi, soksi unazikaushaje. Hayo ndiyo niliyatafuta kabla ya kwenda nikayakosa.

Tulikuwa watatu. Mimi, muuza spea wa Uyole mwenye kitambi cha kukaa dukani. Rafiki yangu mwalimu wa sekondari kutoka Iringa, nitamwita Mwalimu. Na dada mmoja nesi, mzaliwa wa Tukuyu, ambaye ndiye aliyekuwa na pumzi na ndiye aliyetuburuza wote. Tulikwenda mwisho wa Januari. Najua, mvua. Lakini Nesi alisema kwenda Kitulo bila kuona maua ni sawa na kwenda harusini usile pilau, na maua yenyewe yanachanua kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi. Likizo yake iliangukia Januari, mjadala ukafungwa.

Vifaa vingi nilinunua mtumba Mwanjelwa. Hema la watu wawili, mfuko wa kulalia, begi kubwa lenye mkanda wa kiunoni, koti la mvua. Muuzaji wa hema akaniapia kwa marehemu mama yake kwamba limekamilika. Shikeni hapo, tutarudi.

Siku ya kwanza tukapanda Kosta stendi ya Nanenane saa kumi na mbili asubuhi, Chimala tukashuka. Ni kilometa 78 toka Mbeya. Pale unaiacha lami ya Dar unaukabili mlima, na barabara ya kwenda Matamba inapanda kwa kona zinazoitwa Hamsini na Saba. Mwalimu alihesabu 55, mimi 59, Nesi hakuhesabu, alikuwa ametangulia anatusubiri kivulini.

Kazi ya siku ile haikuwa mlima. Ilikuwa kukataa lifti. Kila Fuso inayopanda kufuata viazi inapunguza mwendo, utingo anatoa kichwa: "Pandeni, bure!" Ukisema "asante, tunatembea tu", anakutazama kama mtu aliyetoroka wodini. Fuso ya tatu, utingo akamwambia dereva kwa sauti ya kutusikilizisha: "Twende, hawa wana nadhiri."

Tulifika Matamba jua linazama. Mabega yangu yalikuwa yanawaka moto. Sikujua bado kwamba mkanda wa kiunoni ndio unaotakiwa kubeba mzigo, nikadhani ni pambo, nimeuacha unaning'inia siku nzima.

Nakuja kuendelea, kuna mteja wa bering'i.

Ngamia wa Tunduma #2

Natia nanga hapa. Kama ni chai basi iwe na tangawizi.

Mkinga Halisi #3

Bibi zetu waliteremsha viazi mpaka ziwani na kupandisha samaki, mtoto mgongoni, na hakuna hata mmoja aliyefungua uzi. Lakini endelea mkuu, tunasoma.

Kiatu Kimoja #4

Mkinga, bibi zako nimekutana nao. Subiri.

Matamba, asubuhi ya siku ya pili. Nje ya gesti kulikuwa na mnunuzi wa viazi na mizani yake ya kuning'iniza kwenye magogo matatu. Mwalimu, kwa uchokozi, akaomba tupime mabegi. La Nesi likasoma kilo 11. Lake 16. Langu lilipotundikwa, mshale ukaenda mpaka 19 na magogo yakalia. Mzee mmoja aliyekuwa anashona gunia akaacha sindano hewani: "Haa! Hii sasa ni lumbesa ya mtu."

Pale pale kwenye nyasi nikatakiwa kufungua. Aibu ile sitaisahau. Suruali za jinzi mbili. Kikaango cha chuma. Kioo cha kunyolea. Tochi ya betri nne kubwa, wakati nina ya kichwani. Pasi sikubeba, lakini nadhani ni kwa sababu ilikuwa haionekani siku ile. Maharage ya njano kilo tatu. Nesi akavitenga kwa mguu kama anayechambua viazi vilivyooza. Mama wa gesti akanihifadhia vile vya kubaki. Maharage nilikataa kuyaacha. Nikasema mtu hapandi mlima kwa biskuti.

Ofisi za hifadhi ziko hapo hapo Matamba. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, unapata risiti, na sisi tukapata kijana wa Kiwanji wa kutuongoza. Tukamwita Mdogo Wetu ingawa alitupita wote kwa urefu. Yeye begi lake lilikuwa kiporo cha ugali, blanketi la kimasai, panga na mwavuli. Mwavuli! Mlimani! Tulimcheka mpaka saa nane mchana mvua ilipoanza. Yeye akatembea mkavu kama karani wa benki, sisi ndani ya makoti ya mvua tumelowa kwa jasho.

Kutoka hapo siku zikashika mpangilio mmoja, nitaueleza mara moja tu:

Saa kumi na moja alfajiri Mdogo Wetu anakohoa, maana yake amkeni. Hema limelowa ndani kwa pumzi zetu. Chai ya Rungwe na tangawizi, chapati za jana. Kukunja hema lililolowa ndiyo kazi inayokera kuliko zote, vidole vimekufa ganzi, na kilo mbili za maji unazifunga ubebe. Saa moja tuko njiani. Saa tano tunakula kitu kisichopikwa: karanga, tende, parachichi. Saa saba uwe umeshaona pa kulala, kwa sababu saa nane mbingu inafunguka, na ilifunguka siku tano kati ya saba. Ukishasimamisha hema ndani ya mvua mara moja hutachelewa tena maisha yako.

Kisha kazi za jioni: maji, miguu, soksi, chakula. Saa mbili usiku mmelala kama magogo. Wanaouliza "mnafanyaje usiku bila mtandao" wajue kwamba swali hilo halikututokea.

Kibogoyo #5

Mkuu umeahidi kueleza kujisaidia. Usiruke.

Kiatu Kimoja #6

Haha sijaruka. Kijembe kidogo cha palizi kilichokatwa mpini. Unakwenda mbali na maji, hatua sabini au zaidi, unachimba kina cha kiganja, unafukia. Karatasi tulirudi nazo kwenye mfuko. Uwanda wa Kitulo ni nyasi tupu, hauna kichaka cha kujificha, kwa hiyo tuliwekeana sheria: mtu akichukua kijembe, wengine wanageukia upande wa kilele na kuanza kujadili mpira.

Mama Viazi #7

Wanangu mmepita Matamba hamjanisalimia. Haya, maharage yaliiva?

Kiatu Kimoja #8

Shikamoo mama. Naona unaujua mwisho wa hadithi.

Usiku wa pili ndani ya hifadhi tulikuwa kama mita 2,700. Ndani ya hifadhi hukusanyi kuni, kwa hiyo tulikuwa na jiko dogo la gesi na mitungi mitatu. Saa kumi jioni nikabandika maharage. Saa kumi na mbili nikaonja: golori. Saa mbili: golori ya moto. Mwalimu, ambaye anafundisha fizikia na alikuwa amenyamaza muda wote kwa makusudi, ndipo akatoa somo. Kila ukipanda kama mita 300 maji yanachemka kwa nyuzi moja pungufu. Pale tulipokuwa yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, basi. Unaona mapovu unafurahi, lakini joto lile linaivisha maharage polepole mno, na ukiongeza gesi maji yanakauka tu, joto halipandi.

"Ulijua toka Matamba?" nikamuuliza.

"Nilijua toka Mbeya. Ila ulikuwa na msimamo."

Tuliyala hivyo hivyo saa tatu usiku, na mtungi mmoja na nusu umekwisha. Kilichotokea ndani ya hema usiku ule nakiacha. Mdogo Wetu alihamia nje na mwavuli wake.

Mama Viazi #9

Marahaba. Huku juu tunaloweka toka jana yake, tunapika kwa kuni za taratibu, na mfuniko unakandamizwa kwa jiwe. Jiwe linabana mvuke. Kwa kigesi chako ungekesha.

Jirani wa Mafinga #10

Mkuu ninyi mlipata mvua, sisi tulikwenda Julai mwaka juzi. Hakuna tope, mbingu nyeupe, lakini baridi! Asubuhi umande umeganda juu ya nyasi, ukikanyaga unalia kama chipsi. Maji ya chupa yaliganda ndani ya hema. Hema lenyewe limekakamaa, hulikunji, unalivunja kama turubai la zege. Kilichotuokoa: kabla ya kulala unachemsha maji, unajaza kwenye chupa ya chuma, unaivalisha soksi, unalala nayo miguuni. Asubuhi una soksi kavu na maji ya chai yaliyokwisha kuwa vuguvugu. Maua Julai hamna, ni nyasi za kahawia tu mpaka macho yachoke. Kila msimu na adhabu yake.

Kiatu Kimoja #11

Hiyo ya chupa na soksi naichukua. Sisi soksi tulilala nazo tumboni, ndani ya nguo. Inaudhi dakika kumi za kwanza, kisha zinakauka kwa joto la mwili. Kuzitundika nje ya begi ukitegemea jua la Kitulo la Januari ni ndoto.

Kwa kuwa mmeulizia maua kwenye ujumbe wa pembeni, haya. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu na sikuona sababu ya kubisha. Hifadhi ilitangazwa mwaka 2005, kilometa za mraba 413 hivi, na ni ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea badala ya tembo na simba. Okidi peke yake ziko aina kama 45. Mimi nilitegemea zulia la rangi, kama kwenye kalenda. Hapana. Ukiwa umesimama unaona nyasi. Ukichutama kufunga kamba ya kiatu ndipo unagundua uko katikati yake: ua la njano dogo kuliko ukucha, lina madoa mekundu kooni, na pembeni yake jingine jeupe limejikunja kama sikio la mtoto mchanga. Nesi alikuwa anapiga magoti kila hatua ishirini. Siku ya tatu ndiyo tuliyotembea umbali mfupi kuliko zote, na hakuna aliyelalamika.

Mdogo Wetu akatuonyesha mashimo ya zamani yaliyofukiwa. Watu walikuwa wanachimba viazi vya okidi, kikande, vinauzwa ng'ambo.

Ngamia wa Tunduma #12

Hapo naingia mimi. Kwa Wazambia kinaitwa chikanda. Wanakausha, wanasaga, wanachanganya na unga wa karanga, pilipili na magadi, wanapika mpaka inashikamana, wanakata vipande kama soseji nene. Ukipewa bila kuambiwa utaapa ni nyama. Mpakani hapa magunia yalikuwa yanapita sana. Shida ni kwamba ukichimba kiazi ndiyo umeua mmea wote, sio kama kuchuma tunda.

Kiatu Kimoja #13

Asante kwa kuongezea nyama, kama soseji yako.

Mlima Mtorwi tulipanda siku ya nne asubuhi. Mita 2,961. Rungwe nayo ina karibu urefu ule ule, Wanyakyusa na Wawanji wamalizane wenyewe. Kupanda si kugumu, ni nyasi mpaka juu, ila kichwa kilikuwa kinaniuma kidogo na pumzi fupi. Juu tulikuta ukungu. Tukala karanga ndani ya ukungu tukashuka. Wanaosema waliliona ziwa toka kileleni nawaonea wivu.

Sasa jina langu la humu. Kushuka upande wa pili kuna kijito, si kikubwa, ila mvua ya jana yake ilikuwa imekijaza. Nikavua mabuti nikayafunga shingoni, nikavaa yeboyebo, nikaingia. Katikati mguu wa kushoto ukazama kwenye tope, nikauvuta ukaja peke yake. Yeboyebo ikaibuka hatua kumi mbele, ikageuka mara moja kama inaaga, ikaenda. Mwalimu akapiga hesabu kwamba maji yale yanaelekea mto Ruaha Mkuu, kwa hiyo kama kuna mtu wa bwawa la Mtera humu ameokota ya kushoto namba 43 ya bluu, tuwasiliane.

Mnaona kitu kidogo. Kiatu cha jioni ndicho kinachoiponya miguu. Bila hicho, toka siku ile nikawa nashinda na mabuti yaliyolowa toka alfajiri mpaka usiku. Siku ya tano kisigino cha kulia kikaota lengelenge ukubwa wa shilingi mia mbili, na la pili likaota juu ya la kwanza. Nesi alinikalisha juu ya begi, akachoma sindano kwa kiberiti, akapitisha na uzi, akauacha uzi humo ndani ncha mbili zikining'inia maji yachirizike polepole. "Ngozi usiitoe," akasema, "hiyo ndiyo plasta uliyozaliwa nayo." Sijui madaktari wa humu watasema nini kuhusu uzi, najua kuna wanaoupinga kwa hofu ya vidudu. Mimi nasema kilichonitokea. Kisha akakwangua sabuni ya mche akaipaka ndani ya soksi, kisiginoni. Soksi ikawa inateleza badala ya kukwaruza. Sabuni ile ingetakiwa kuanza Chimala.

Kibogoyo #14

Na hema? Ulisema tushike hapo.

Kiatu Kimoja #15

Hema, ndiyo. Usiku wa kwanza tu wa kulala hema tukagundua ule mfupa wa katikati una vipande vitano badala ya sita. Marehemu mama wa muuzaji apumzike kwa amani. Hema likasimama limeinama kama kibanda cha mlevi, na maji yakawa yanakusanyika tumboni mwake. Mdogo Wetu alipoona akashuka bondeni kwa mtu anayemfahamu, akarudi na ufito wa mwanzi, akaukata, akauchonga ncha, ukaingia kama umetengenezewa kiwandani. Hema hilo lina mwanzi wa Matamba mpaka leo na siutoi.

Na ushauri mmoja kwa wa mvua: koti la begi linalouzwa na begi ni urembo. Nunua nailoni ya kuoteshea miche, mita mbili, ingiza NDANI ya begi, jaza vitu humo, zungusha mdomo uufunge. Rambo tumezizika toka 2019, na salfeti inapitisha maji. Nailoni ya miche haikuniangusha.

Mwakaleli Juu #16

Ndaga fijo kaka kwa uzi. Swali la dada: kwa mwanamke hali ikoje? Usalama na ile shughuli ya kila mwezi.

Kiatu Kimoja #17

Ugonile dada. Nimempigia Nesi, anasema hivi, namnukuu kwa ruhusa yake: "Mwambie hiyo shughuli ilinikuta siku ya tatu. Nilikuwa na vitambaa vya kufua, nikafulia kwenye kisufuria mbali na kijito, nikavikausha ndani ya mfuko wa kulalia kama soksi. Tumbo liliniuma kupanda, halikuniuma kushuka. Usalama, sikusumbuliwa na mtu, ila nisingekwenda peke yangu, na wala wao nisingewashauri waende peke yao, hasa huyo wa maharage."

Kuhusu watu wa vijijini. Ukitoka hifadhini upande wa Ukinga, sheria yetu ilikuwa moja: kabla ya kusimamisha hema, nenda kwa mtendaji. Unaandikwa kwenye daftari, unaulizwa umetoka wapi, unaelekea wapi, lengo nini. Hilo la lengo ndilo gumu. Tukisema "kutembea", kalamu inasimama. Mzee mmoja mjumbe alituzunguka, akazigusa zile fimbo zetu za chuma, akauliza kwa sauti ya chini, sauti ya biashara: "Semeni tu wanangu. Ni madini au ni vitu vya Mjerumani?" Tukaapa hatuna ramani ya rupia zilizofukiwa na Mjerumani. Akacheka, ila usiku kuna kijana alikaa karibu na hema letu mpaka saa sita, kutulinda au kutuchunga, sijui. Asubuhi wakatuletea viazi vya kuchemsha vya moto na chumvi kwenye jani la mgomba. Kamwene, kamwene, mikono kwa mikono. Viazi vile naviweka juu ya pilau la harusi yoyote niliyowahi kuhudhuria.

Kijiji cha Bulongwa tulipumzika nusu siku. Ulanzi, pombe ya mwanzi, ulikuwa ndio msimu wake, mianzi inagemwa. Mwalimu ni mtu wa Iringa, alikunywa kwa heshima ya nyumbani, akatuchelewesha saa tatu nzima. Tuendelee.

Mkinga Halisi #18

Ulanzi mtamu wa asubuhi au uliolala?

Kiatu Kimoja #19

Alianza na wa asubuhi, akamalizia na uliolala. Ndiyo maana ya saa tatu.

Siku ya saba, kushuka Matema, ziwani. Kila mtu anaogopa kupanda. Wakuu, ogopeni kushuka. Ziwa liko kama mita 475 toka usawa wa bahari, na unalianzia juu kabisa ya milima ya Livingstone. Zaidi ya mita elfu moja na mia tano, zote ndani ya siku moja, kwenye njia ya udongo mwekundu uliolowa. Magoti yaliniishia saa tatu asubuhi. Vidole vikawa vinapiga mbele ya buti kila hatua, kama mtu anabisha hodi. Kucha mbili, kidole gumba cha kulia na jirani yake, zilikuwa nyeusi kufika mchana na wiki iliyofuata zikatoka.

Na hapo ndipo nilipokutana na bibi zako, Mkinga. Wanne, mmoja mtu mzima kabisa, viroba vya viazi kichwani, yeboyebo mguuni, zote mbili. Wanashuka kwa hatua fupi fupi za haraka, magoti yamelegea, wanaongea na kucheka. Tulijibanza pembeni wapite. Yule mzee akatutazama, mabegi, mikeka, sufuria inayoning'inia, akasimama, kiroba kikiwa hakitikisiki:

"Poleni wanangu. Mnahamia wapi?"

Hakutania. Alituhurumia kweli. Nesi akajibu kwamba tunatembea tu, mama. Akaitikia "eee" ile ndefu ya mtu asiyetaka kukuaibisha, akaendelea. Dakika kumi baadaye tuliwasikia chini kabisa, mbali, kisha hatukuwasikia tena. Baada ya hapo nilijaribu kushuka kwa hatua zao, fupi na za kulegea badala ya ndefu na za kukakamaa, na kwa kweli magoti yalipata nafuu. Ningejua siku ya kwanza.

Ngamia wa Tunduma #20

Na kipunji? Usiniambie umepita Livingstone hujamwona kipunji.

Kiatu Kimoja #21

Sijamwona. Siku ya tano tulipopita pembezoni mwa msitu wa Livingstone, ambao nao umo hifadhini, tulisikia mlio mara mbili, katikati ya honi na kubweka. Mdogo Wetu akasema ndiye. Siwezi kuapa. Mnyama ambaye Wanyakyusa walimsimulia miaka yote watu wakadhani ni hadithi tu, mpaka watafiti wakamwona 2003 na kukuta ni jamii ya nyani ambayo sayansi haikuwa nayo, sitegemei ajitokeze kwa muuza spea.

Matema: joto kama umefungua oveni. Niliingia ziwani na nguo, na kisigino, na kila kitu. Jioni tukala wali wa Kyela na usipa wa kukaanga, nikahesabu sahani tatu. Mbu wa kutosha, chandarua ni lazima, msijisahau kwa sababu mmetoka kwenye baridi. Nesi akanunua chungu cha Ikombe, kikubwa, cha kutosha kupikia msiba. Mtu aliyenicheka kwa kikaango! Kukipakata kwenye Kosta toka Kyela mpaka Mbeya ilikuwa kazi yangu.

Kitandani sikupata usingizi, nikalala sakafuni.

Jirani wa Mafinga #22

Uzi umeshiba. Julai tunarudi sita, nafasi mbili zipo. Kilo ngapi kwa mtu unashauri?

Kiatu Kimoja #23

Usizidi 12 na chakula ndani. Mimi nilifika Matamba na 19, nikapunguza mpaka 15, na bado niliteseka. Nisingepima pale kwa mnunuzi wa viazi ningekufa kwenye kona ya kwanza ya kushuka.

Mama Viazi #24

Mwanangu, ile mizani ya nje ya gesti, ya magogo matatu?

Kiatu Kimoja #25

Hiyo hiyo mama.

Mama Viazi #26

Ya mnunuzi hiyo. Sisi tunaomuuzia tunaijua, inakula kilo tatu. Wewe ulikuwa na 22.